Mikisa ya bafuni inapopoteza maji ya moto: usafishe, ubadilishe katriji, au ung'oe yote?

Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, Dodoma inapopigwa na upepo wa baridi, simu ninazopigiwa hubadilika. Miezi ya joto watu huniita kwa bomba linalovuja au choo kilichoziba. Msimu wa baridi kilio ni kimoja: "Fundi, bafuni maji ya moto yanakuja kidogo tu, halafu yanatoweka." Na anayepiga huwa ameshapewa ushauri kabla yangu. Jirani kamwambia abadilishe hita. Muuza duka kamwambia mikisa (bomba linalochanganya maji ya moto na baridi) imekufa, anunue mpya. Fundi mwingine kapita, kagonga ukuta kwa kidole, kasema vigae vivunjwe.

Mama mmoja mstaafu wa Ilazo, hapa Dodoma, alikuwa ameambiwa yote matatu. Nilipoingia nikamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nitazamie hili bafu kabla sijavunja ukuta, maana vigae hivi havipatikani tena."

Mikisa yake ilikuwa ya mkono mmoja, ile iliyozikwa ukutani, nje ikabaki sahani ya kromu na mkono wake tu. Kuing'oa ni kuvunja vigae, kukata bomba za plastiki za PPR, kuchomelea upya, kupiga plasta, kisha kutafuta vigae vya rangi ileile ambavyo kiwanda kiliacha kuvitengeneza zamani. Nimeona watu wakiingia gharama hiyo kwa sababu ya kipande kinachoenea kiganjani mwa mtoto. Inaniuma kila mara, kwa hiyo nitaziweka njia zote hapa ubavu kwa ubavu, nikueleze lini kila moja inafaa na lini ni kutupa hela.

Kwanza sikiliza maji yanavyolalamika

Kabla ya kulinganisha chochote, sogeza mkono wa mikisa hadi mwisho upande wa moto na uyaache maji yatoke. Utaona moja kati ya hali tatu, na kila moja ina ugonjwa wake.

Hali ya kwanza: maji ni machache lakini yanaunguza. Ukisogeza mkono kidogo tu kuelekea baridi ili usiungue, joto lote linapotea. Hapo upande wa moto umeziba.

Hali ya pili: maji ni mengi, lakini ni vuguvugu tangu mwanzo na hayapandi zaidi. Hapo baridi inajichanganya mahali isipotakiwa. Pengine ni ndani ya katriji, kile kipande cha ndani ya mikisa kinachochanganya moto na baridi, pengine ni pete ya kuzuia joto, au baridi imepata kichochoro cha kuingilia njia ya moto mahali pengine kabisa ndani ya nyumba.

Hali ya tatu: yanaanza vizuri, ya moto na mengi, kisha baada ya dakika chache yanapoa. Hapo iache mikisa kwanza. Tazama hita au presha.

Sasa nenda kwenye sinki la kunawia, ufungue maji ya moto. Yakitoka ya moto na kwa nguvu sinkini huku bafuni yanasuasua, hita haina kosa. Kipimo hiki hakihitaji spana wala bisibisi, na kingewaokoa wengi waliokwisha kununua hita mpya.

Kama una ndoo ya lita 10 na saa ya simu, pima pia. Jaza ndoo kwa baridi peke yake, kisha kwa moto peke yake. Kwa mama wa Ilazo baridi ilijaza ndoo kwa dakika 1 na sekunde 20. Moto ulichukua dakika 4. Kwa vipimo hivyo, mkono ukiwa katikati, kwa kila lita moja ya moto zinakuja karibu lita tatu za baridi. Hakuna hita itakayoshinda hesabu hiyo, hata ukinunua ya lita 200.

Kwa nini upande wa moto ndio huziba

Sehemu kubwa ya maji ya Dodoma mjini hutoka kwenye visima virefu vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na ni maji magumu. Asiyejua maana yake afungue birika la umeme nyumbani atazame chini: ule ukoko mweupe ni chokaa. Chokaa hiyo imeyeyuka ndani ya maji yakiwa baridi, na maji yakichemshwa inajitenga na kuganda. Ndani ya hita hugandia kwenye elimenti, kile chuma kinachochemsha maji. Elimenti inapopata moto na kupoa, inatanuka na kusinyaa, ukoko unapasuka, na vipande vyake vinasafiri na maji ya moto. Mahali pa kwanza pembamba vinapokutana napo ni bafuni: kichujio cha wavu mlangoni mwa mikisa, au tundu la moto chini ya katriji.

Ndiyo maana mikisa hiyohiyo, iliyofungwa siku moja na mtu mmoja, hupitisha baridi vizuri miaka mingi huku moto ukinyongeka mwaka hadi mwaka.

Katriji yenyewe ni kitu rahisi. Ndani mna visahani viwili vya kauri vilivyosuguliwa hadi vikawa laini kiasi kwamba vikigusana maji hayapenyi. Cha chini kimetulia na kina matundu matatu: la moto, la baridi na la kutolea. Cha juu kinasogezwa na mkono. Chini kabisa mna mipira midogo inayoziba kati ya katriji na mwili wa mikisa. Visahani vya kauri havifi kirahisi. Vinavyokufa ni mipira, na kile kishina cha plastiki kinachoshikwa na mkono. Kishina kikilegea, mkono unafika mwisho upande wa moto lakini kisahani hakijafika, na baridi inaendelea kuvuja ndani ya mchanganyiko. Hiyo ndiyo hali ya pili niliyoitaja.

Pete ya kuzuia joto

Nianze na njia isiyogharimu kitu. Mikisa nyingi zina pete ndogo ya plastiki chini ya mkono, mara nyingi nyekundu au nyeupe, yenye meno. Kazi yake ni kuzuia mkono usifike mwisho wa moto, ili mtoto asiungue. Fundi akiifunga vibaya, au mtu akifungua mkono na kuirudisha bila kuangalia, mikisa inanyimwa moto bila kuwa na ugonjwa wowote.

Ng'oa kile kitufe chenye alama nyekundu na buluu, legeza skrubu kwa alenki, ile spana ndogo ya pembe sita (nyingi ni za milimita 2.5 au 3), vuta mkono, utaiona pete. Isogeze jino moja au mawili, rudisha mkono, jaribu. Dakika tano zimetosha. Lakini ina maana kwa hali ya pili tu. Kama maji ni machache, pete haihusiki.

Neno moja la tahadhari kwa wenye watoto na wazee: maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache tu. Pete hiyo iliwekwa kwa sababu. Isogeze kadiri unavyohitaji, usiitupe.

Kusafisha au kubadilisha katriji

Hapa ndipo wengi husimama njia panda, na nitakaa hapa muda mrefu kuliko kwingine.

Kazi ya kufika kwenye katriji ni ileile kwa njia zote mbili. Zima swichi ya hita kwanza. Funga maji yote, baridi na moto. Fungua mikisa ili presha iishe. Ziba tundu la sakafuni kwa kitambaa, maana skrubu ya alenki ikidondoka humo umeagana nayo. Toa mkono, zungusha kofia ya kromu, kisha legeza nati ya brasi kwa spana malaya. Nati ikikataa, usiipige nyundo. Mwagia siki ya moto, ngoja robo saa, jaribu tena. Katriji itatoka kwa kuvutwa juu. Tazama ilivyokaa kabla hujaitoa, maana chini ina pini mbili ndogo zinazoingia kwenye mashimo yake.

Kwa mikisa za nje ya ukuta, zile zenye miguu miwili iliyopinda iliyopishana sentimita 15, kagua pia vichujio vya wavu kwenye milango ya kuingilia. Mara nyingine katriji ni nzima kabisa, wavu wa moto ndio umejaa mchanga na chokaa. Unagonga, unaosha, unarudisha, kazi imekwisha. Nimewahi kuondoka kwenye nyumba ya namna hiyo bila kuuza hata oringi moja, na nilifurahi.

Sasa ulinganisho wenyewe.

Kusafisha kunahitaji siki ya kawaida ya jikoni tu. Loweka katriji nusu saa hadi saa moja. Utaona viputo, hiyo ni chokaa inayeyuka. Sugua matundu kwa mswaki wa zamani, usitumie msumari wala kisu, maana mkwaruzo mmoja kwenye kauri ni uvujaji wa kudumu. Suuza vizuri. Paka mipira grisi ya silikoni. Grisi ya gari na mafuta ya kujipaka huvimbisha aina nyingi za mpira. Na nakuomba sana, usitumie asidi kali ya kusafishia vyoo. Inakula kromu, inakula brasi, na ikikutana na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo inatoa gesi yenye sumu ndani ya chumba kidogo kisicho na hewa.

Faida ya kusafisha ni kwamba maji yanarudi siku hiyohiyo, hata kama maduka yamefungwa. Hasara yake ni kwamba siki inaondoa chokaa lakini hairudishi mpira uliokauka wala haikazi kishina kilicholegea. Kwa mama wa Ilazo nilianza kwa kusafisha, maana ilikuwa Jumapili jioni. Ndoo ya moto ikashuka kutoka dakika 4 hadi dakika 1 na sekunde 50. Mama akafurahi, nami nikaondoka nikijua mipira ya upande wa moto ilikuwa imekauka na kupoteza umbo. Baada ya miezi miwili akanipigia tena.

Katriji mpya inagharimu zaidi ya chupa ya siki, lakini ni sehemu ndogo ya bei ya mikisa, na ufundi ni uleule wa kufungua na kufunga. Inakupa mipira mipya, kishina kipya na kauri safi kwa pamoja. Kwa mama ndoo ikajaa kwa dakika 1 na sekunde 25, karibu sawa na baridi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kama mikisa haijafikisha miaka mitatu na ulichokuta ni uchafu tu, mipira ikiwa bado laini, safisha na ufunge. Kama mkono umelegea ukiutikisa, kama mipira imekauka, kama kuna tone lisilokoma, au kama ulishasafisha mwaka huu na tatizo limerudi, nunua katriji. Kusafisha mara tatu kwa mwaka si kubana matumizi. Kila ukifungua ile nati unazidi kuchosha uzi wake.

Ugumu wa katriji ni kuipata iliyo sahihi. Mikisa nyingi zinazouzwa kwetu hutumia ya kipenyo cha milimita 35 au 40. Zikiwa mbali mbali huwezi kuzitofautisha kwa macho. Mimi mwenyewe niliwahi kwenda mjini safari ya bure kwa ajili ya mteja, kwa kuamini kumbukumbu yangu. Nilimnunulia ya 40 kumbe mwili wa mikisa yake ni wa 35, na familia ile ililala na maji yamefungwa. Tangu siku hiyo sinunui bila ya zamani mkononi. Linganisha mambo matatu dukani: kipenyo, urefu wa kishina, na kitako. Kuna zenye kitako bapa na zenye kitako kilichoinuka, na moja haikai mahali pa nyingine hata kama kipenyo ni kilekile. Kama huipati Dodoma, piga picha ikiwa juu ya rula umtumie mtu aliyeko Dar es Salaam akakutafutie mtaa wa Gerezani, Kariakoo. Kule maduka ya vifaa vya bomba yamepangana.

Lini ung'oe mikisa nzima

Zipo nyumba ambako nasema bila kusita kwamba mikisa itoke. Mwili ukiwa umepasuka au unalia maji ndani ya ukuta. Uzi wa nati ukiwa umeliwa kiasi kwamba katriji haishikiki. Au mikisa ikiwa ya aina ambayo katriji yake haipatikani popote, na hili ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyodhani, hasa kwa zile zilizonunuliwa kwa sababu ya umbo lake la ajabu.

Kwa mikisa ya nje, kung'oa si jambo kubwa: nati mbili, wosha mpya, tepu ya uzi, saa moja. Kwa ya ndani ya ukuta, kabla ya kuvunja vigae tazama kilicho upande wa pili. Mara nyingi nyuma ya bafu kuna chumba cha kulala, stoo au ukuta wa nje. Kukata plasta upande huo na kuipaka rangi upya ni nafuu kuliko kuharibu vigae.

Ukiamua kununua mpya una chaguo tatu halisi.

Ya mkono mmoja tena. Inafaa sana kwa mzee, kwa mwenye mtoto mgongoni au mkononi, kwa yeyote anayetaka kupata joto lake kwa mkono mmoja. Sharti langu ni moja: mwombe muuzaji afungue mkono akuonyeshe katriji. Kama ni 35 au 40 ya kawaida, na anazo nyingine rafuni, nunua. Akisema "hii haiharibiki, mzee," rudisha. Kung'aa kwa kromu hakukusaidii siku mpira utakapokauka.

Ya mikono miwili, moto kwake na baridi kwake. Imepitwa na fasheni, lakini naiheshimu. Kila upande una koki yake, na ukifa mmoja unatengeneza huo tu. Zile za wosha za mpira hutengenezeka popote Tanzania, hata kijijini, kwa wosha ya bei ndogo kabisa. Kwa nyumba ya kupangisha na nyumba ya wageni ndiyo ninayoishauri.

Ya kujirekebisha joto yenyewe, yenye thamostati ndani. Ni nzuri sana palipo na presha ya kutosha: unachagua nyuzi 38 na inakaa hapo. Lakini nyingi zinahitaji presha ya kati ya nusu bar na bar 1 (bar ni kipimo cha presha) ili zifanye kazi sawasawa, na tangi lililo mita 3 juu ya shawa linakupa takribani bar 0.3 tu. Zaidi ya hayo, haipatani na chokaa. Kwa nyumba ya Dodoma inayotegemea tangi bila pampu, usiinunue.

Kuna wanaoniuliza kuhusu shawa ya umeme, ile inayochemsha maji hapohapo kichwani. Ni njia ya kuikwepa mikisa kabisa, lakini inavuta umeme mwingi, inahitaji waya wake mnene, breka yake na waya wa ardhini (earth) uliopimwa na fundi umeme. Na ukitumia maji ya hapa chagua iliyotengenezwa kwa ajili ya maji ya chumvi. Zaidi ya hapo ni mada nyingine.

Pale ambapo mikisa haina kosa

Hili ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu katriji mpya haitaliponya na mteja ataamini nimemdanganya.

Nyumba nyingi zimejengwa hivi: baridi ya bafuni inatoka moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka ya maji, lakini hita inalishwa na tangi la juu. Siku maji ya mjini yakiwa na nguvu, bar 2 au 3, yanakutana ndani ya mikisa na moto wenye bar 0.3. Mwenye nguvu hushinda. Baridi inaujaza mlango, tena inaweza kuusukuma moto urudi ulikotoka. Siku maji ya mjini yakikatika na nyumba nzima ikitumia tangi, moto unarudi wenyewe, na watu wanasema mikisa ina mashetani. Ukisikia kwamba "wiki ya mgao ndiyo tunaoga vizuri," ndilo hilo. Dawa yake ni kulisha baridi ya bafuni na hita kutoka chanzo kimoja, aidha vyote tangini au vyote kwenye bomba la mjini kupitia valvu ya kupunguza presha. Gharama ni mita chache za bomba, na hufanyika darini au nje bila kugusa kigae.

Kichochoro cha baridi nacho hupimwa hivi. Zima swichi ya hita, funga koki inayoingiza maji baridi kwenye hita, kisha fungua moto sinkini. Maji yatatoka kidogo na kukoma. Yasipokoma, baridi inapita mahali fulani. Mhalifu wa kawaida ni mikisa nyingine iliyoachwa wazi huku maji yamezuiwa mbele yake: bomba la kunyunyizia lenye kifyatuo, au shawa ya mkononi iliyowekewa koki kwenye mpira wake. Mikisa ikiwa wazi na mbele kukiwa kumefungwa, moto na baridi vinaungana kimyakimya. Funga koki za pembeni moja moja hadi maji yakome. Pale yanapokoma ndipo penye ugonjwa. Ikiwa yanakoma ukifunga bafu lenyewe, mipira ya chini ya katriji imekufa, na tumerudi kwenye katriji mpya.

Kwa hali ya tatu, yale yanayoanza vizuri na kupoa, fanya hesabu kabla ya kulaumu kifaa. Hita ya lita 50 yenye maji ya nyuzi 60, ikichanganywa na baridi ya nyuzi 20, inatoa kama lita 100 za nyuzi 40 kwa hesabu ya karatasi, na pungufu kidogo kwa uhalisi, maana baridi inaingia hita wakati moto unatoka. Shawa ya lita 8 kwa dakika inazimaliza kwa dakika 12 au chini ya hapo. Kisha elimenti ya kilowati 1.5 inahitaji saa moja na nusu kurudisha joto. Kama nyumbani mko watano na wote mnaoga kabla ya saa moja asubuhi, hakuna kilichoharibika. Lakini kama zamani ilitosha na sasa haitoshi, kwa watu walewale, elimenti imevaa ukoko au thamostati imechoka. Fungua hita.

Ukiwa hapo, usizibe ile valvu ya usalama inayodondosha matone hita inapochemka. Lita 50 zikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 60 zinatanuka kwa karibu robo tatu ya lita, na maji hayo lazima yapate pa kutokea. Nimekuta zimezibwa kwa plagi ili sakafu isilowe. Hilo ni bomu ukutani.

Kwa mlioko Marekani

Mdogo wangu anaishi huko na aliniuliza swali hilihili, nikalazimika kujifunza, maana mikisa za kule si kama hizi. Kanuni za ujenzi za huko zinataka mikisa ya shawa iwe na kinga ya kuungua, kwa hiyo nyingi zina kijipistoni cha kusawazisha presha ndani. Presha ya baridi ikishuka, kijipistoni kinabana moto pia. Chokaa ikikikamata, moto unabanwa hata kama presha ni sawa, na dalili zake ni hali ya kwanza kabisa. Kwenye mikisa za kampuni ya Moen za aina hiyo kijipistoni kimo ndani ya katriji yenyewe, namba 1222, na hubadilishwa pamoja. Mara nyingi inang'ang'ania, na kuna kifaa maalumu cha kuivuta. Moen na kampuni nyingine ya Delta wanatoa dhamana ya maisha kwa mwenye nyumba wa kwanza, kwa hiyo piga simu kabla ya kununua. Kama umepanga, mwite mwenye nyumba. Ni kazi yake.

Na pete ya kuzuia joto hubadilika tabia kwa msimu huko. Maji baridi yanayoingia nyumbani wakati wa theluji ni ya baridi zaidi, hivyo pete iliyowekwa Julai itakupa vuguvugu Januari. Mdogo wangu aliisogeza meno mawili, na swali lake likaishia hapo.

Mama wa Ilazo hakuvunja kigae hata kimoja. Nilipofunga katriji mpya nilifungua pia hita na kutoa ukoko uliojaa karibu nusu ya ndoo ndogo, maana bila hivyo vipande vingerudi kwenye mlango uleule. Katriji ya zamani niliisafisha kwa siki, nikaifunga kwenye mfuko wa plastiki pamoja na alenki yake, nikaandika juu kwa kalamu ya wino mzito: "35, kitako bapa, bafu kubwa." Imening'inia chini ya sinki, ili atakayekuja baada yangu aanzie hapo.